NCHI JIRANI: Sudan Kusini, Utajiri Wenye Mlango Mmoja

Juma hili safu yetu inavuka mpaka wa kaskazini na kuingia kwa jirani ambaye wengi wetu tunamjua kwa habari za vita na za wakimbizi, lakini wachache tunamjua kwa habari za mfuko wake. Jirani huyo ni Sudan Kusini. Wako askari wetu waliokwisha kuikanyaga ardhi yake, wako madereva wa malori wanaolala Elegu wakingoja karatasi za forodha, na wako akina mama wa masoko ya Gulu, Arua na Adjumani ambao biashara yao hupanda na kushuka kwa kufuata hali ya Juba. Kwa hiyo, habari zake si za mbali.

Jambo moja latosha kutuongoza. Karibu fedha zote za serikali ya nchi hiyo hutokana na mafuta ya ardhini, na mafuta hayo hutoka kwenda baharini kwa kupitia katika nchi ya mwingine. Mwenye kutaka kujua ni kwa nini askari wa nchi yenye mafuta aweza kukaa miezi mingi bila mshahara, na aanze kwa kuisoma ramani.

ARDHI NA MAJI

Sudan Kusini ilipata uhuru wake tarehe 9 Julai 2011, baada ya kura ya maoni ya Januari mwaka huo, ambamo karibu asilimia 99 ya wapiga kura walichagua kujitenga na Sudan. Eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 600,000, yaani kama Uganda mbili na nusu. Imezungukwa na nchi sita: Sudan, Ethiopia, Kenya, Uganda, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Haina pwani. Kutoka Juba hadi bandari ya Mombasa ni safari ya zaidi ya kilomita 1,500 kwa barabara.

Karibu na mpaka wetu imesimama milima ya Imatong, yenye kilele cha Kinyeti kifikacho mita 3,187. Kutoka hapo nchi huteremka kuelekea kaskazini na kuwa tambarare. Maji yatokayo Ziwa Victoria pale Jinja hupita Karuma, huingia Ziwa Albert, hutokea Pakwach, kisha huvuka mpaka karibu na Nimule. Hupita Juba, mji mkuu, na kufika Bor. Mbele ya Bor mto hukosa mteremko, nao hutawanyika katika kinamasi kikubwa kiitwacho Sudd, neno la Kiarabu lenye maana ya kizuizi. Karibu nusu ya maji yaingiayo humo hupotea kwa mvuke.

Mwaka 1978 palianzwa kuchimbwa mfereji wa Jonglei, uliokusudiwa kuwa na urefu wa kilomita 360, ili maji yapite kando ya kinamasi na kufika Sudan ya kaskazini na Misri. Vita vilivyoanza mwaka 1983 viliisimamisha kazi hiyo, na mtambo mkubwa wa kuchimbia ukaachwa uote kutu porini. John Garang, aliyekuja kuwa kiongozi wa wapiganaji wa kusini, alikuwa ameandika tasnifu yake ya shahada ya udaktari juu ya mradi huohuo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1981.

Ardhi ya tambarare hizo ni ya udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi hupasuka, na wakati wa mvua hugeuka utelezi ambao hata gari la kijeshi hukwama. Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilifikia kimo ambacho hakikuwahi kupimwa kabla, na maji hayo yakashuka na mto. Mwaka 2021 na 2022 mji wa Bentiu ulikuwa kama kisiwa, umezungukwa na maji pande zote na kulindwa kwa matuta ya udongo. Ni karibu na Bentiu huohuo ndiko mafuta yalikogunduliwa.

NG'OMBE WA MMOJA, MLANGO WA MWINGINE

Kampuni ya Kimarekani ya Chevron iliyapata mafuta hayo mwaka 1978. Mwaka 1984 wafanyakazi wake waliuawa na kampuni ikasimamisha kazi. Baadaye walikuja wengine, hasa makampuni ya serikali za China, Malaysia na India. Mwaka 1999 bomba la urefu wa kama kilomita 1,600 lilianza kupeleka mafuta Port Sudan, kwenye Bahari ya Shamu. Mwaka 2006 likaongezwa bomba la pili, la kutoka visima vya Paloch katika jimbo la Upper Nile. Nalo huishia kwenye pwani ileile.

Wakati huo Sudan ilikuwa nchi moja, na wenye kupanga walikuwa Khartoum. Visima vingi vilikuwa kusini. Kiwanda kikubwa cha kusafishia, mabomba na gati la kupakilia meli vilijengwa kaskazini. Siku ya kugawana, mwaka 2011, kusini kulipata kama robo tatu ya mafuta yote. Ikawa mmoja amepewa ng'ombe, na mwingine amebaki na mlango wa zizi.

Nchi changa ilianza maisha yake ikitoa kama mapipa 350,000 kwa siku, na mafuta yakiipa serikali kama asilimia 98 ya mapato yake. Haikupita miezi saba, ugomvi ukazuka juu ya malipo ya kupitisha mafuta. Sudan ilidai dola 36 kwa kila pipa. Juba ilikataa, na Januari 2012 ikavifunga visima vyake yenyewe. Mwezi Aprili majeshi ya nchi mbili yalipigana huko Heglig. Makubaliano yalitiwa sahihi Addis Ababa mwezi Septemba 2012, na mafuta yakaanza kutiririka tena Aprili 2013. Zaidi ya mwaka mmoja serikali iliishi karibu bila mapato.

Yafaa kuyatazama makubaliano hayo kwa makini. Juba ilikubali kulipa ada ya kupitisha, na juu yake dola 15 kwa kila pipa mpaka zitimie kama dola bilioni 3, za kuifidia Sudan kwa hasara ya kutengana. Jumla yake ilikuwa takriban dola 25 kwa pipa. Bei ya pipa ilipokuwa zaidi ya dola 100, mzigo huo ulibebeka. Lakini mwaka 2014 bei ilianza kuporomoka, na mwanzoni mwa 2016 ikashuka chini ya dola 30. Ada haikushuka pamoja nayo. Ukiondoa dola 25 katika 30, na kukumbuka kwamba kampuni zinazochimba nazo zina fungu lao, utaona kilichobaki kwa walimu, askari na hospitali. Ndipo Sudan, mwaka huo wa 2016, ikakubali kuilegeza ada hiyo.

Kufikia hapo vita vya ndani, vilivyozuka Juba tarehe 15 Desemba 2013, vilikuwa vimevifunga visima vya jimbo la Unity, na utoaji wa mafuta ulikuwa umepungua hadi chini ya nusu ya ule wa 2011. Desemba 2015 serikali iliiachia paundi yake ijitafutie bei sokoni: dola moja iliyokuwa kama paundi 3 ikawa kama 18. Oktoba 2016 bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 800 katika mwaka mmoja. Mshahara wa askari haukupunguzwa hata senti, lakini ulipofika sokoni haukununua tena gunia, ulinunua vibaba.

BOMBA LILIPOGANDA

Mkataba wa amani wa Septemba 2018 ulileta nafuu. Kisha pigo likaja kutoka upande ambao Juba haikuwa na amri nao. Tarehe 15 Aprili 2023 vita vilizuka Khartoum kati ya jeshi la Sudan na kikosi cha RSF. Mafuta ya Paloch yana nta nyingi, na yakipoa huganda kama samli wakati wa baridi. Kwa hiyo ni lazima yapashwe moto na kusukumwa na mitambo iliyowekwa njiani, na mitambo hiyo huhitaji dizeli na mafundi. Vita vilikata vyote viwili. Februari 2024 mafuta yaliganda na bomba likapasuka, mahali ambapo risasi zilikuwa zikilia na fundi hakuweza kufika.

Karibu mwaka mzima mafuta ya Paloch, yaliyokuwa sehemu kubwa zaidi ya mafuta ya nchi, hayakufika baharini. Ni Januari 2025 ndipo Sudan ilipotangaza kwamba njia imefunguka. Katika muda huo watumishi wa serikali, wakiwemo askari na polisi, walikaa miezi mingi bila mshahara. Mwezi Agosti 2024 kampuni ya Petronas ya Malaysia ilitangaza kuondoka.

Wewe msomaji uliyevaa sare, na wewe mama unayemngoja mwenye sare kila mwisho wa mwezi, hamhitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Askari asiyelipwa bado ana bunduki, na bado ana watoto. Wengine huacha kazi na kurudi kuchunga, wengine huweka vizuizi barabarani na kumtoza msafiri, na wengine humfuata yeyote awezaye kuwalisha. Hapo ndipo hesabu za mafuta hugeuka kuwa hesabu za usalama. Baadhi ya familia zilizokimbia hali hiyo zinaishi kwetu, katika makazi ya Bidibidi wilayani Yumbe, yaliyofunguliwa mwaka 2016, na kwingineko.

FEDHA ZILIKWENDA WAPI?

Sheria ya mwaka 2013 juu ya mapato ya mafuta iliagiza asilimia 2 iende kwa majimbo yenye visima na asilimia 3 kwa wenyeji wa huko. Iliagiza pia iwekwe akiba ya kuisaidia bajeti siku za shida, na akiba nyingine kwa ajili ya vizazi vijavyo. Sheria ilikuwa njema, lakini akiba hizo hazikujazwa. Badala yake serikali ilizoea kuuza mafuta kabla hayajatoka ardhini, kwa kuchukua fedha za wafanyabiashara leo na kuwalipa kwa shehena za miezi ijayo. Kila aliyewahi kukopa kwa dhamana ya mshahara wake anaujua mtego huo: siku ya malipo inapofika, bahasha tayari ni ya mwingine.

Na milango mingine? Reli ni moja tu, ile iliyofika Wau mwaka 1962, nayo yaelekea kaskazini kulekule. Barabara kuu ya kwanza ya lami ni ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, iliyokamilika mwaka 2012 kwa msaada wa Marekani. Daraja la Uhuru juu ya Nile huko Juba, lenye urefu wa mita 560, lilifunguliwa mwaka 2022 kwa msaada wa Japani. Machi 2012 ulizinduliwa mradi wa bandari ya Lamu, Kenya, ambao ulikusudia pia bomba la kutoka Sudan Kusini. Gati la kwanza la Lamu lilianza kazi mwaka 2021, bomba halikujengwa.

Hata hivyo barabara ile ya Nimule imeonyesha jambo la ajabu. Nchi yenye mafuta huagiza petroli na dizeli kupitia Kenya na Uganda. Nchi yenye maji ya Nile na mvua za kutosha hununua unga wa mahindi, maharage, vitunguu na hata mayai kutoka kwetu. Si kwamba ardhi yake ni mbaya. Ukanda wa Yambio na Yei una rutuba ya kuotesha mahindi, mihogo, kahawa na misaji. Nzara palilimwa na kufumwa pamba tangu miaka ya 1940. Aweil ni nchi ya mpunga. Kinamasi cha Sudd kimejaa samaki, na ng'ombe ni mamilioni. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wa jirani yetu ulikuwa jembe, ng'ombe na ndoana. Vita viliuchana, na fedha za mafuta zikafanya kuushona kuonekane kazi isiyo na haraka.

SOMO KWETU

Nasi tunayo mafuta kando ya Ziwa Albert, yaliyogunduliwa mwaka 2006, na tulichagua bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani karibu na Tanga, Tanzania. Mafuta yetu pia yana nta, na bomba letu pia ni la kupashwa moto. Tofauti yetu na jirani ni kwamba tuliyakuta mafuta tukiwa tayari na kahawa, chai, samaki na masoko. Tofauti hiyo ni mali kuliko mafuta yenyewe, na yafaa ilindwe.

Nyumba ya askari nayo ni nchi ndogo yenye mlango mmoja wa mapato, na ufunguo wake hauko mikononi mwa wenye nyumba. Bustani ya sukuma nyuma ya nyumba, kuku watano na akiba ndogo isiyoguswa ni milango ya pili. Si mikubwa, lakini mwezi ule ambao mlango mkubwa umechelewa kufunguliwa, ndiyo itakayoweka kitu chunguni.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutavuka mpaka wa magharibi na kulitazama Ziwa Kivu, na gesi iliyolala chini ya maji yake.