Mwandiko wa kununua kwenye mkoba wa harusi

Msimu wa harusi ukikaribia Muscat na Dubai, simu zetu hujaa picha za mikoba kutoka Shiling. Mji huu uko wilaya ya Huadu, kaskazini ya Guangzhou, na kazi yake ni ngozi: mikoba, pochi, masanduku ya safari. Unatuma majina ya bwana na bibi harusi, karakana inayapiga chapa ya dhahabu. Na siku hizi watu wengi wanayataka kwa fonti ya mwandiko wa kuunga, kana kwamba mtu kaandika kwa kalamu.

Sina ugomvi nayo. Fonti ya Mistral, aliyoitoa Mfaransa Roger Excoffon mwaka 1953, ilitokana na mwandiko wake mwenyewe, na ukiitazama unahisi kuna mkono wa mtu. Lakini miaka ya kusahihisha madaftari katika sekondari ya misheni imenifanya mkali kidogo. Jamani, msiandike jina zima kwa herufi kubwa! Katika fonti hizi herufi kubwa kazi yake kuongoza neno. KHADIJA anageuka mkururo wa vitanzi. Kanga nayo ina herufi kubwa, ndiyo, ila zile zimesimama wima, mtu anakupita njiani na unamsoma. Tena mstari mwembamba hukatika kwenye ngozi isiyo laini.

Balaa lenyewe liko kwenye Kiarabu. Herufi zake hubadilika sura kwa mahali zilipo katika neno, na programu isiyoandaliwa kwa lugha hiyo huziachanisha na kuzipanga kuanzia kushoto. Mpwa wangu alipokea mikoba 120, jina la Salma limekatwa vipande vinne: sini, lamu, mimu, ye, kila moja kivyake, tena kinyumenyume. Fundi wa Kichina hasomi Kiarabu, tusimlaumu. Aliyeikubali sampuli kwenye simu anasoma vizuri sana, ila alikuwa akitazama rangi ya ngozi.

Basi msitume maneno yaliyochapwa. Tumeni picha. Na kama ni picha, kwa nini iwe ya mwandiko wa mtu tusiyemjua? Majumbani mwetu wamo mabibi walioandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwenda Unguja na Mombasa, kwa ruqaa ya haraka, meno ya sini yamenyooshwa, nukta mbili zimekuwa kistari. Wajukuu wao hawawezi kuzisoma barua hizo. Karakana inayotengeneza muhuri wa fonti inaweza kutengeneza wa mkono wa bibi pia, kazi ni ile ile.

Mpeni kalamu nyeusi nene na karatasi nyeupe isiyo mistari. Aandike jina mara tano, achague mwenyewe lililompendeza. Ombeni mkoba mmoja wa sampuli kabla ya kulipa, na aukague yeye. Ile karatasi msiitupe.