Tuchague Mmea Upi?

Tangu chama chetu kiazimie kupamba madirisha ya maktaba kwa mimea inayoning'inia, maneno yamekuwa mengi kuliko maua. Najua wenye pupa watanikumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima. Lakini asiyechagua kabisa naye huishia kulima kwa mpini!

Wengi wanaupigia debe uzi wa lulu. Kweli unavutia. Majani yake ni mviringo kama njegere, na kila moja lina mstari mwembamba unaopitisha mwanga hadi ndani. Kwao ni Afrika Kusini, ambako hautundikwi popote bali hutambaa chini, kwenye kivuli cha vichaka. Mizizi yake ni mifupi, na maji yakizidi huoza upesi. Nasi tunajuana: wawili wakigombania zamu, mmea utanyweshwa mara mbili. Isitoshe, una sumu ukiliwa, na paka wa jikoni hajui kusoma onyo.

Mkia wa punda, uliotoka Mexico, ni mnene na wa kupendeza. Taabu ni kwamba majani yake hupukutika ukiguswa kidogo tu. Kila jani lililoanguka laweza kuota, ndiyo, lakini pale ambapo darasa zima hupita likisukumana kengele ikilia, tutabaki na kamba tupu.

Uzi wa mioyo naupa heko. John Medley Wood aliukuta Natal mwaka 1881. Vijani vyake vina umbo la moyo na mabaka ya rangi ya fedha, na shina lake huota viazi vidogo vinavyoweka maji. Huo waweza kuvumilia kiu tukienda likizo.

Hata hivyo, kura yangu naipa Kleinia petraea. Huu ni mwenyeji wa Kenya na Tanzania, hutambaa miambani. Majani yake ni manono, hugeuka zambarau yakipigwa na jua, na maua yake ni ya rangi ya machungwa. Gharama yake? Kopo kuukuu la rangi lililotobolewa chini, udongo uliochanganywa na mchanga, dirisha lenye mwanga, na maji udongo ukikauka, basi. Kipande cha shina huota chenyewe. Tuombe kipande kwa aliye nao. Tusiende kuung'oa porini.

Linaloniuma ni hili: mbona lulu za mbali twazijua hata kwa picha, na huu wa kwetu tukiuona tunaupita kama gugu? Sisi ndio tunaosema kila mkutano kwamba cha kwetu kithaminiwe. Je, ni maneno ya jukwaani tu? Sipingi wageni. Wakaribishwe, ila mwenyeji apewe kiti kwanza.

Tena wana-Kiswahili hatuwezi kuridhika na jina la Kilatini pekee. Mimi nauita mtambaamwamba. Mwenye jina bora zaidi, hasa lile alilofunzwa na nyanya yake, alilete chamani Ijumaa, pamoja na kopo moja. Kopo lisitoboke pembeni, tafadhali!