Hiyo Nafasi Haijakaa Bure

Kuna sentensi imezoeleka Eldoret kama salamu: "Hiyo nafasi ya nyuma imekaa tu bure." Utaisikia kwa mjomba akiwa na kikombe cha chai mkononi. Utaisikia kwa fundi anayetafuta kazi, na kwa kijana mwenzangu aliyeona TikTok jinsi bedsita nne zinavyoingia kwenye ploti ya futi 50 kwa 100. Mara nyingi anayeisema huwa amesimama katikati ya managu. Anayakanyaga.

Nataka kubishana na hiyo sentensi, na sitakuwa mpole, maana kwetu Langas imeshafika mezani. Pendekezo ni kung'oa kila kitu, kuinua vyumba vinne na kumalizia na kabro mpaka mlangoni. Hesabu yao: vyumba vinne kwa 3,500 ni 14,000 kwa mwezi. Mboga tunazochuma, tungezinunua kwa mama mboga, ni kama 50 kila jioni, yaani 1,500. Kwisha maneno, ati.

Hesabu yenyewe siikatai. Ninachouliza ni hizo 14,000 zinaingia kwa simu ya nani. Hati ya ploti ina jina la mwanamume, mkopo wa kujenga utakuwa na jina la mwanamume, na kodi itaingia M-Pesa ya mwanamume. Halafu mama aanze kuomba pesa ya mboga. Huyu ni mama ambaye kwa miaka zaidi ya ishirini ametoka tu mlango wa nyuma na kisu na beseni, akarudi na chakula, bila kumweleza mtu. Mnamnyang'anya kitu pekee kwenye ile ploti ambacho yeye ndiye mwenye kauli juu yake, kisha mnaita maendeleo.

Halafu kuna Januari 2008. Barabara zilizibwa kwa mawe na magogo, maduka yakafungwa, na kilichobaki sokoni kikapanda bei. Nilikuwa mtoto. Ilikuwa kiangazi, mama akinywesha sukuma wiki maji ya kuoshea vyombo, na tulizila mpaka zikabaki vijiti vitupu, tukahamia majani ya maboga. Majirani waliokuwa na vyumba vya kukodisha, wapangaji wao walikuwa wametoroka. Kodi gani ungedai wiki hiyo? Mtaniambia hayo yalipita. Corona je, 2020, kazi za vibarua zilipokauka na kodi za watu zikawa hazilipiki? Kila mara mji huu unaposimama, kinachoendelea ni kile kipande cha nyuma.

Na tuongee upishi, maana hapa ndipo watu wa kabro wanaponiudhi kabisa. Saga unachuma asubuhi, unachambua majani, unaiweka sufuriani pamoja na managu, inachemka polepole. Unatia maziwa. Inalala. Kesho unapasha, unaongeza maziwa. Siku ya pili au ya tatu ule uchungu umegeuka kitu kingine kabisa, na ugali unaisha bila nyama kuulizwa. Mboga hiyo haitaki fungu lililofungwa kamba tangu alfajiri likikauka kando ya barabara, na hujui lilinyweshwa maji gani. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miaka mingi kutetea hizi mboga za kienyeji, ambazo watu walikuwa wakiziita magugu na chakula cha maskini. Sisi wa mjini tumezirudia hotelini, tunazilipia vizuri, huku tukizing'oa nyumbani.

Mbegu zetu nazo hazikutoka dukani. Saga ilitoka kwa jirani Mkalenjin anayeiita isagek, ilipitishwa juu ya ua ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya unga. Mrenda uliletwa na nyanya kutoka Kakamega. Terere ni ya mpangaji Mkikuyu aliyehama zamani. Fikiria hiyo, Langas, baada ya 2008. Sasa kumbuka kwamba sheria ya mbegu, kwa marekebisho ya 2012, ilifanya kuuza na kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa kuwa kosa: jela hadi miaka 2 au faini hadi shilingi 1,000,000. Mama, mhalifu mwenye leso! Wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikavitupa vifungu hivyo. Wameshinda haki ya kupeana mbegu, na sisi tunakaribia kukosa mahali pa kuzipanda.

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, na tangu hapo kila mwenye ploti anaona udongo ni aibu ya kijijini. Nairobi, hiyo mnayoiiga, ilipitisha sheria ya kukuza kilimo cha mjini mwaka 2015. Katiba yetu, kifungu cha 43, inataja haki ya kutokuwa na njaa. Haikusema haki hiyo inaishia mwisho wa lami.

Lakini ninyi wa "vijana rudini shambani", msinipigie makofi bado. Tangu niache chuo nimeambiwa nilime na kila mtu ambaye hana kazi ya kunipa. Siuzi ndoto ya kilimo biashara. Robo ya ploti haitanitajirisha, na wala haitakiwi. Na tuache pia kupiga picha za beseni la mboga huku anayeinama ni mama peke yake, mgongo ukimuuma. Anayetetea kipande hiki ashike jembe. Mimi nimeshika, jioni, baada ya kuandika.

Kwa wajomba, hivi: jengeni vyumba viwili mbele, upande wa barabara, juu ya ile changarawe ambayo kweli imekaa bure. Kodi ya kimoja iende kwa simu ya mama. Nyuma pasiguswe, na iandikwe, mbele ya mashahidi. Mmesema mtakuja kupima Aprili. Tayari nimetawanya samadi ya kuku, na mvua ikinyesha tu, napanda.