Soko Lisilo na Geti

Tangu trekta za wakulima wa Punjab zilipoizingira Delhi, kila kongamano la kilimo ninaloalikwa halikosi mtu wa kusimama na kuuliza: mbona wakulima wetu hawaandamani namna hiyo? Swali hilo limenichosha. Muulizaji huwa mtu wa mjini, na huliuliza kwa sauti ya lawama, kana kwamba mkulima wa Kalawa, hapa Makueni, anadaiwa ushujaa. Toleo hili la jarida limezaliwa na hasira hiyo, kwa hiyo msilitarajie kuwa na mizani sawa.

Habari za India mnazijua: sheria tatu za kilimo za Septemba 2020, kambi za wakulima Singhu na Tikri mipakani mwa Delhi, baridi, vifo, kisha Waziri Mkuu Modi kusalimu amri Novemba 2021. Makala mbili humu zinazieleza vyema. Langu ni moja tu. Wakulima wale walikuwa na kitu cha kunyang'anywa: mandi, soko la umma lenye mnada na vitabu, pamoja na bei ya chini kabisa ya uhakika ambayo serikali huwanunulia ngano na mpunga. Sheria zilipopita, walijua zimewagusa wapi. Mkulima wa ndengu wa Mbooni akiamka leo na hasira, aelekee wapi?

Kuandamana anakujua. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba ng'ombe wa Wakamba ni wengi mno na wanamaliza udongo. Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha milima hii ya Mbooni, ikapangiwa kupunguza mifugo kwa lazima. Wataalamu walizungumzia mmomonyoko, na mmomonyoko ulikuwapo kweli. Lakini mwaka huohuo kampuni ya Liebig ilikuwa inafungua kiwanda cha nyama Athi River, na kiwanda kilihitaji ng'ombe wa bei ya chini. Ng'ombe wakakamatwa, wakapigwa mnada kwa bei ya kutupa. Julai, watu wa Ukambani, wanaume na wanawake, wakiongozwa na Muindi Mbingu wa Ngelani, walishika njia hadi Nairobi, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa wakitaka Gavana Brooke-Popham awasikilize. Mmoja wa waliowasaidia alikuwa Isher Dass, mjumbe Mhindi katika Baraza la Kutunga Sheria, jambo ambalo wapenzi wa kulinganisha Kenya na India hawalikumbuki kamwe. Mbingu alihamishiwa Lamu kwa nguvu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha, serikali ilikuwa imeacha kukamata ng'ombe. Ilijua pia kwamba jeshi lake na polisi wake walijaa vijana wa nyumba zilezile.

Walishinda kwa sababu mnyang'anyi alikuwa na jina, ofisi na mlango. Siku hizi mlango huo hauonekani. Broka huja na pikipiki au kanta, hupima ndengu kwa gorogoro au kwa mzani wake mwenyewe, hutaja bei, na asiyetaka huachwa na gunia lake wiki ya kulipa karo. Hakuna sheria iliyomtuma. Ukimkaba koo atakuambia bei ameipata Nairobi, na wa Nairobi atakuambia ameipata Mombasa.

Na Mombasa huipata wapi? Hapa ndipo ninapotaka wanaoshangilia Punjab wanisikilize. Agosti 2017, baada ya mavuno makubwa ya mazao ya jamii ya kunde nchini mwake, India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje. Ndengu zikafuata mwezi huohuo. Waliolinda bei ya mkulima wa kule walimvunjia bei mkulima wa huku, kuanzia Msumbiji hadi Makueni. Sisemi walikosea, serikali inayowalinda wakulima wake ndiyo ninayoililia. Nasema tu kwamba Msumbiji angalau ilikuwa imetia saini makubaliano ya mbaazi mwaka 2016, Modi alipopita Maputo katika ziara ileile iliyomfikisha Nairobi. Viongozi wetu nao walipiga picha naye.

Mtaniambia kuna Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2019. Naam. Ni sheria nzuri kwa mtu mwenye magunia ya kuweka na subira ya kungoja. Mwenye magunia matatu na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo haweki kitu ghalani. Ninachokitaka kwa kaunti ya Makueni ni jambo la chini zaidi: soko la umma Tawa na Kalawa, mzani mmoja uliokaguliwa, bei iliyoandikwa ubaoni, na jina la mnunuzi kitabuni. Wakulima wakishapata kitabu cha kukasirikia, maandamano watayapanga wenyewe bila kuhimizwa na mtu wa kongamano.

Makala ya korosho inaturudisha Mtwara, Tanzania, mwaka 2018, wakulima walipozikataa bei za mnada na Rais Magufuli akaleta jeshi kununua kwa shilingi 3,300 za Tanzania kwa kilo; mwandishi anamhurumia zaidi mwanajeshi kuliko ningemhurumia mimi. Ya maembe na kiwanda cha Kalamba ina picha nzuri.

Makala ya mwisho inanipinga waziwazi. Mkulima wa kahawa wa Mbooni, inasema, ana geti tangu zamani: mnada wa Nairobi, vyama vya ushirika, rundo la kanuni, na tangu 2023 fedha zinazopaswa kumfikia moja kwa moja kupitia benki. Bado analia. Hoja ni nzito na nimeiachia kurasa zote ilizotaka. Ila huyo wa kahawa, kila bei inapoanguka, anajua ofisi ya kwenda kugonga, na kanuni zake zimeandikwa upya mara kwa mara kwa sababu watu hawaachi kugonga. Wa ndengu hana hata mlango mmoja wa kugonga.