Mlinzi Aliyejikatia Fungu

Sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliiunda ARPTC isimamie makampuni ya simu na kulinda masilahi ya watumiaji. Mwaka 2020 ofisi hiyohiyo ilileta RAM, ada iliyokatwa katika salio la simu la mwananchi. Basi aliyekatwa angemshtaki nani, kwa nani? Mshtakiwa ndiye hakimu, naye yuko Kinshasa! Kwetu Burungu simu si anasa; ndiyo inayotujulisha kama barabara ya Kitshanga inapitika. RAM iliondolewa mwaka 2022, baada ya kelele za vijana na wabunge. Je, kila franka ya maskini ingojee maandamano? Tunadai malalamiko yapokelewe hapa Masisi, kwa Kiswahili, yaandikwe, na yajibiwe kwa tarehe inayojulikana. Na hesabu ya RAM isomwe hadharani.