Paka wako akilazwa kwa nusukaputi, nani anamtazama?

Hebu leo mshike paka wako, uinue mdomo wake wa juu kwa pembeni, uangalie yale meno ya nyuma. Ukiona ukoga wa manjano uliogeuka jiwe, ufizi mwekundu kama umepakwa rangi, na harufu inayokufanya ugeuze uso, usiseme amekula samaki. Hapa Mji wa Kale hiyo ndiyo kauli yetu. Paka wamelala kwenye baraza zetu tangu enzi za mababu, wanatungojea nje ya soko la samaki, na kila anayenuka mdomo tunalaumu samaki. Mara nyingi ni ufizi unaooza.

Tatizo ni kwamba paka hasemi. Maumivu ataficha mpaka basi. Utaona tu anatafuna upande mmoja, anadondosha tonge, anakimbilia sahani halafu anaiacha, udenda unamtoka. Wengine jino linaliwa polepole pale kwenye mzizi, mpaka hata kuligusa ni adhabu. Na sisi ndio watu tunaojivunia kumsimulia Abu Huraira, sahaba aliyeitwa kwa jina la kipaka chake!

Sasa, ukimfikisha kwa daktari wa wanyama, utaambiwa lazima alazwe kwa nusukaputi, yaani ile dawa ya usingizi mzito ya upasuaji. Hapo ndipo wengi mnarudi nyumbani. “Akilala asipoamka je?” Ni swali la haki, wala usimruhusu mtu akucheke kwa kuliuliza. Ila jibu lake si kumtafuta jamaa wa kumfunga paka kwenye leso kama mtoto mchanga, amkwangue meno akiwa macho. Bei rahisi, hakuna sindano, meno yanang'aa. Lakini kilichong'arishwa ni kile unachokiona. Ugonjwa uko chini ya ufizi, na pale hapafikiki kwa paka anayepigana. Wewe ukienda kung'oa jino unaambiwa fungua mdomo, unapigwa ganzi, unatulia. Paka utamwambia nini? Atapata hofu na maumivu, na ugonjwa utabaki pale pale. Chama cha wataalamu wa meno ya wanyama Marekani kinaupinga mtindo huo waziwazi.

Kwa hiyo tuongee hatari yenyewe, bila kutishana. Kati ya 2002 na 2004, watafiti Uingereza walifuatilia kliniki 117 na paka zaidi ya 79,000 waliolazwa kwa dawa. Kwa jumla alikufa paka 1 kati ya kama 400 kwa sababu zinazohusiana na dawa hiyo. Kwa paka wenye afya njema ilikuwa kama 1 kati ya 900. Si sifuri, na ni kubwa kuliko ya mbwa. Lakini soma na hili: zaidi ya nusu ya vifo vya paka vilitokea upasuaji ukiwa umekwisha, vingi ndani ya saa 3 za mwanzo. Yaani wakati daktari ameshavua glavu na kila mtu anadhani kazi imeisha. Na paka waliokuwa wakipimwa mapigo na oksijeni walikuwa salama zaidi kuliko wale walioachwa hivi hivi.

Umeona inakoelekea? Dawa ina hatari yake, sawa, lakini kinachopaswa kukunyima usingizi ni paka aliyelala huku hakuna anayemtazama. Ndiyo maana nasema usiulize kwanza bei. Uliza: nani atakaa naye? Daktari mikono yake iko mdomoni mwa paka, hawezi pia kuhesabu pumzi. Awepo mtu wa pili ambaye kazi yake ni hiyo tu, na ile mashine ndogo ya oksijeni, ndugu ya kile kidude tulichobanwa vidoleni wakati wa Korona. Kwa paka hubanwa kwenye ulimi.

Uliza pia kama atapimwa uzito siku hiyo hiyo. Paka wa kilo 3 si paka wa kilo 5, na kukisia kwa macho ni kucheza na kipimo cha dawa. Kama ni mzee, damu ipimwe, hasa figo. Kama ni wale wa uso bapa mnaowaringia mitandaoni, mwambie daktari mapema, pumzi yao ni ya shida hata wakiwa macho. Je, atawekewa mpira kwenye koo la hewa? Kazi ya meno inamwaga maji na damu, na bila mpira vyote vinaweza kuingia mapafuni. Na atatiwa ganzi ufizini pia? Ikiwepo, ile dawa kubwa inahitajika kidogo zaidi.

Najua Mombasa kila kitu ni kupatana. Marikiti tunashindania shilingi kumi ya ndimu, na ni raha yetu. Hapa usifanye hivyo, manake ukikata bei kitakachopunguzwa ni yule mtu wa pili. Kama pesa haijatimia, mwambie daktari ukweli, muulize kipi kianze na kipi kinaweza kungoja. Na wenzangu wa kliniki, mkiulizwa haya msikasirike. Kijana aliyejinyima wiki mbili ili atibu paka ana haki ya kujibiwa.

Jina la daktari lazima liwe kwenye sajili ya Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Mwenye mkoba na sindano anayekuja mpaka mlangoni, anayekwambia atamlaza pale pale sebuleni halafu aende zake, mshukuru, mfungie mlango.

Siku yenyewe, fuata maelekezo ya saa za kutokula kama ulivyopewa, na kitoto cha paka usikifungishe muda mrefu bila kumuuliza daktari. Ukimwona amelala macho wazi usipige kelele, dawa ya ketamini hufanya hivyo. Uliza tu kama yametiwa mafuta yasikauke. Usikubali kumchukua kabla hajaweza kuinua kichwa na kukaa mwenyewe. Joto letu la Mombasa lisikudanganye, chini ya eisii na maji yale mwili wake hupoa haraka, kwa hiyo beba leso kavu. Nyumbani mlaze chini, si kitandani, na zile ngazi zetu za Mji wa Kale na roshani uzifunge mpaka kesho yake. Kama hapumui sawa au haamki vizuri, mpigie daktari usiku huo huo, usingoje kuche.