Mzigo Mwepesi, Safari Ndefu

Wazee walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Autazamaye mzigo ulio begani mwa mwingine huuona mwepesi. Aubebaye ndiye ajuaye uzito wake. Methali hiyo yatufaa leo, kwani twataka kuzungumza nanyi juu ya watu waendao kwa miguu siku nyingi milimani, wakichukua mgongoni nyumba yao, kitanda chao na chakula chao. Watu hao wana shauri moja kubwa: punguza uzito. Shauri hilo ni jema, lakini lataka kufahamika vizuri. Maana kuna wepesi uletwao na busara, na kuna wepesi ambao gharama yake hulipwa baadaye, na mara nyingine hulipwa na mtu mwingine.

Tuanze na mfano wa mama mmoja wa Marekani. Emma Gatewood alizaliwa mwaka 1887 katika jimbo la Ohio. Alikuwa mkulima na mama wa watoto 11. Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 67, aliwaambia watoto wake kwamba anakwenda kutembea tu, akaishika njia iitwayo Appalachian Trail. Njia hiyo hufuata migongo ya milima ya mashariki ya Marekani na kupita katika majimbo 14, toka Georgia upande wa kusini hata Maine upande wa kaskazini. Wakati ule urefu wake ulikuwa kadiri ya kilomita 3,300, yaani zaidi ya mara mbili ya umbali wa Lubumbashi na Kinshasa ukipimwa kwa mstari ulionyooka. Mama huyo alianza tarehe 3 Mei, akafika juu ya mlima Katahdin tarehe 25 Septemba, baada ya siku 146. Hakuna mwanamke aliyemtangulia kuitembea njia hiyo nzima peke yake kwa msimu mmoja. Watu wakamwita Bibi Gatewood, na jina hilo likamkaa.

Je, alichukua nini? Hakuwa na hema, wala mfuko wa kulalia, wala viatu vizito vya mlimani. Alijishonea mfuko wa kitambaa kigumu cha buluu, ule mfuko akautupa begani. Ndani yake alitia blanketi la jeshi, koti la mvua, pazia la plastiki la bafuni la kujifunika mvua inyeshapo, nguo za kubadili, kisu kidogo, tochi, plasta na dawa za vidonda, kalamu na daftari. Chakula chake kilikuwa karanga, zabibu kavu, maziwa ya unga, soseji za kopo na vidonge vya supu. Miguuni alivaa raba za kawaida, na kila zilipochakaa alinunua nyingine. Mzigo wake wote kwa kawaida haukupita kilo 9. Wakati huohuo wanaume wengi wenye nguvu walikuwa wakiinama chini ya mizigo mizito kupita huo mara mbili.

Msomaji aliye mwepesi wa kuamua atasema: Basi, tuache vitu vyote nyumbani! Hapo ndipo twamwomba asubiri kidogo, asikie na sehemu ya pili ya habari.

Bibi Gatewood alikuwa amesoma katika gazeti kwamba njia ile ni nzuri na kwamba kuna vibanda vya kulala kila baada ya mwendo wa siku moja. Mwaka 1954 alijaribu mara ya kwanza, akianzia Maine. Akapotea msituni, miwani yake ikavunjika, chakula kikapunguka, na walinzi wa msitu wakamshauri arudi kwake. Aliporudi tena mwaka 1955 aliona kwamba vibanda vingine vimeanguka, vingine vimeungua, na vingine ni vichafu mno. Basi ilimpasa kulala juu ya majani makavu, au kupasha mawe moto ili apate joto usiku, au kubisha hodi kwenye nyumba za watu asiowafahamu. Wengine walimkaribisha mezani, wengine walimfukuza. Mwezi wa Agosti tufani mbili, Connie na Diane, zilimwaga mvua nyingi katika nchi hiyo, mito ikafurika. Huko Vermont alikuta mto mmoja haupitiki, hata vijana wawili wanamaji wakamfunga kwa kamba katikati yao, wakamvusha.

Tazameni basi. Alilala bila hema, lakini pengine kibaraza cha mtu kilikuwa hema yake. Hakuchukua kamba, lakini siku ya mafuriko kamba ya wengine ndiyo iliyomwokoa. Hatusemi hayo kwa kumpunguzia sifa mama huyo shujaa, ambaye aliimaliza njia ile mara ya pili mwaka 1957 na mara ya tatu mwaka 1964. Twasema hayo ili tupate kanuni: kila kitu unachokiacha nyumbani chadai jibu. Ama njia yenyewe itakupa badala yake, ama kitu kingine ulichonacho kitafanya kazi yake, ama mwili wako utalipa, ama jirani atalipa. Mwenye busara hutafuta jibu hilo kabla ya kuondoka.

Baada ya Bibi Gatewood walikuja wengine waliolifanya jambo hili kuwa elimu. Mmoja wao ni Ray Jardine, Mmarekani, ambaye mwaka 1992 alitoa kitabu juu ya njia nyingine ndefu, Pacific Crest Trail, itokayo mpaka wa Meksiko hata mpaka wa Kanada. Yeye na mkewe walijishonea mifuko, turubai na blanketi zao. Tangu hapo wasafiri wengi wameshika desturi ya kuweka mizani mezani na kupima kila kitu kimoja kimoja. Huondoa katika hesabu chakula na maji, kwani hivyo hupungua njiani, na nguo zilizo mwilini. Kinachobaki ndicho uzito wa msingi. Ukiwa chini ya kilo 9, huitwa mzigo mwepesi. Ukiwa chini ya kilo 4 na nusu, huitwa mwepesi sana. Haba na haba hujaza kibaba: gramu 50 za kikombe cha pili, gramu 200 za sabuni isiyokatwa, gramu 300 za shati lisilovaliwa, na mara mgongo unalia.

Lakini asiyefikiri huanza na kukata mpini wa mswaki, huku akiacha hema ya kilo tatu. Uzito mkubwa hukaa katika vitu vitatu: mfuko wenyewe, mahali pa kujisitiri, na matandiko. Anza hapo. Kwa kujisitiri, mahali pasipo na mbu wengi wala upepo mkali, turubai jepesi na kamba zake laweza kutosha. Kwa matandiko, manyoya laini ya bata hutoa joto jingi kwa uzito mdogo, ila yakilowa maji joto lake hupotea. Nyuzi za kiwandani ni nzito zaidi, lakini hustahimili unyevu. Mfuko wa mgongoni ununuliwe mwisho, baada ya kujua kitakachoingia ndani yake. Aanzaye na mfuko mkubwa atatafuta vitu vya kuujaza.

Kisha miguu. Wataalamu waliopima pumzi za watu wakitembea wameona kwamba kilo moja iliyofungwa miguuni huchosha kama kilo nne mpaka sita zilizobebwa mgongoni. Kumbe raba za Bibi Gatewood hazikuwa ujinga. Aliye na mzigo mdogo haitaji viatu vya chuma, mradi viwe na nafasi kidogo, kwani mguu huvimba kwa mwendo wa siku nyingi.

Juu ya chakula, angalia nguvu iliyomo ndani ya kila kilo. Kilo moja ya karanga ina nguvu mara mbili ya kilo moja ya mkate, kwa sababu ya mafuta yake na kwa kuwa haina maji mengi. Maji nayo hayadanganyi mtu: lita moja ni kilo moja. Ajuaye chemchemi ilipo hubeba lita moja. Asiyejua hubeba nne, au hubeba moja na kupata kiu. Hivi ujuzi wa njia ni vifaa visivyo na uzito.

Sasa twafika kwenye mambo yasiyopunguzwa. Nguo moja ya joto iliyo kavu, koti la mvua, taa, kisu, kiberiti kilichofungwa vizuri, ramani, na dawa ndogo za vidonda. Tusifikiri kwamba baridi huua penye theluji tu. Mtu aliyelowa mvua na kupigwa na upepo aweza kufa kwa baridi hata maji yasipoganda. Shati la pamba huwa baya hapo, kwani hunywa maji na kuvuta joto la mwili. Sufu, hata ikilowa, hubakiza joto kidogo. Msafiri aliyeacha koti ili ajisifu kwa mizani hakupunguza mzigo. Amewaandalia tu wenzake kazi ya kumbeba yeye mwenyewe.

Neno la mwisho latuhusu sisi sote, hata tusiopanda milima kwa furaha. Mwaka 1986 wataalamu walitangaza matokeo ya kuwapima akina mama wa Kenya, Waluo wabebao kichwani na Wakikuyu wabebao kwa ukanda wa paji la uso. Waliona ajabu: mama hao waliweza kubeba mzigo wa sehemu moja ya tano ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Mama wa kilo 60, basi, aweza kuchukua kilo 12 kwa namna hiyo. Lakini kupita kiasi hicho, mwili wake nao huanza kulipa. Ustadi wake una kikomo. Nasi, katika njia zetu za mashamba, twakiangalia kikomo hicho? Mara ngapi twamwona baba akitangulia na fimbo yake, mwepesi kama mtembezi wa Marekani, na nyuma yake mama ana kuni kichwani, kapu la mihogo mkononi na mtoto mgongoni! Wepesi wa baba huyo haukutoka katika busara. Umehamishiwa tu mgongo mwingine. Juu ya Kilimanjaro sheria yaweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi. Je, mama wa nyumba yetu astahili heshima iliyo chini ya hiyo?

Basi wanafunzi wetu, mnapojiandaa kwa safari ya miguu, tandazeni vitu vyote mkekani siku mbili kabla. Kishikeni kimoja kimoja na kukiuliza: kazi yako nini, na nikikuacha, nani atalipa? Kisicho na jibu kikae nyumbani. Ambacho kukikosa kutamlemea mwenzenu, kibebeni wenyewe bila kunung'unika. Nanyi akina baba, jioni ya leo mkikutana na mke wenu njiani akitoka shambani, msimwulize kama mzigo ni mzito. Upokeeni, muupime kwa kichwa chenu.